UAMSHO ULIANZA NA SWALI



Ujumbe wa leo ni mrefu kuliko ule wa kila asubuhi. Usiusome ukikimbilia matatu. Uweke hadi jioni, ukishakula na watoto wakishalala, kisha ukae nao pamoja na Biblia yako.

Katika masomo yetu ya Biblia ya Jumatano kuna swali moja ambalo hunijia kila mwaka. Wachache huliuliza mbele ya wote. Wengi huniandikia usiku kwenye simu, na huanza kwa kuomba msamaha: "Pasta, samahani, usinielewe vibaya." Halafu ndipo swali linatoka. Je, ni dhambi kuuliza maswali kuhusu imani? Si tumefundishwa kuamini tu? Mtu akiuliza Utatu ni nini hasa, au kwa nini ndugu fulani aliombewa na hakupona, au kama fungu la kumi ni sharti la wokovu, je, hiyo si roho ya uasi?

Mpendwa, ningeweza kukujibu kwa mafungu mawili matatu na tukalala. Lakini leo nataka nikujibu kwa historia. Sisi Wapentekoste tunapenda sana kusimulia moto ulivyowaka, ila mara nyingi hatusimulii kuni zilitoka wapi. Ukizifuata kuni hizo hadi zilikotoka, utakuta watu waliokaa na Biblia wazi wakiuliza swali.

1. DARASA LA TOPEKA

Mwaka 1900, katika mji wa Topeka, jimbo la Kansas, Marekani, mhubiri mmoja aitwaye Charles Parham alifungua shule ndogo ya Biblia. Haikuwa na fahari. Wanafunzi walikuwa wapatao 40, wakiishi katika jumba kubwa ambalo mwenyewe alishindwa kulimaliza, na wenyeji walikuwa wakilicheka. Kitabu chao cha masomo kilikuwa kimoja, Biblia.

Mwezi wa Desemba Parham alikuwa na safari ya kuhubiri. Kabla hajaondoka aliwaachia wanafunzi kazi ya kufanya. Hakuwaachia mahubiri ya kukariri. Aliwaachia swali: kwa mujibu wa Biblia, ni nini kinachoonyesha kwamba mtu amebatizwa kwa Roho Mtakatifu? Wakaanza kupekua kitabu cha Matendo, sura ya 2, ya 8, ya 10, ya 19, wakilinganisha. Kisha wakaingia katika maombi. Tarehe 1 Januari 1901, dada mmoja mwanafunzi, Agnes Ozman, aliomba awekewe mikono, akanena kwa lugha. Siku zilizofuata wengine nao wakapokea.

Nikiwa chuo cha Biblia nilijifunza jambo ambalo wahubiri wengi hawalisemi: Parham na Ozman hawakusimulia siku zile kwa namna moja. Masimulizi yao yanatofautiana katika mambo kadhaa, hata juu ya nani alielewa nini kabla ya maombi yale. Hilo lisikutishe. Watu wawili waliokuwa kwenye harusi moja hawaisimulii sawasawa. Jambo ambalo halina ubishi ni kwamba darasa lilipewa swali, darasa likafungua Biblia, na kutoka pale vuguvugu ambalo leo lina mamia ya mamilioni ya watu likaanza kupata sura yake.

Sasa fikiri. Je, mwanafunzi mmoja angesimama na kusema, "Mwalimu, hatuhitaji kuuliza, wazee wetu wameshaamini," ingekuwaje? Makanisa ya wakati ule yalikuwa na majibu yao tayari. Wengi walisema karama za Roho zilikoma na mitume. Ni swali lililowafanya wale vijana warudi kwenye Neno kuona kama limesema hivyo.

2. MTU ALIYESOMEA NJE YA MLANGO

Mwisho wa mwaka 1905 Parham alihamishia mafundisho yake Houston, Texas. Huko kulikuwa na mhubiri mweusi aitwaye William Seymour. Alizaliwa Louisiana mwaka 1870, mwana wa wazazi waliokuwa watumwa kabla ya uhuru. Jicho lake la kushoto lilipofuka kwa sababu ya ndui. Dada mmoja mtumishi wa Mungu, Lucy Farrow, alimwelekeza kwenye darasa la Parham.

Lakini Texas ya wakati ule ilikuwa na sheria na desturi za kutenganisha watu kwa rangi. Mweusi hakukaa darasa moja na mweupe. Basi Seymour akaruhusiwa kusikiliza akiwa nje ya chumba, mlango ukiachwa wazi kidogo. Nataka uone picha hiyo. Mtu mzima, mtumishi wa Mungu, mwenye njaa ya Neno, anakaa kwenye varanda na Biblia yake kama mtu asiyealikwa. Na bado akakaa. Alikuwa na swali ambalo lilikuwa zito kuliko fedheha ile.

Mapema mwaka 1906 akaalikwa Los Angeles kuhubiri katika kanisa dogo. Akahubiri kutoka Matendo 2:4, juu ya kitu ambacho yeye mwenyewe alikuwa bado hajakipokea. Waliomwalika hawakupendezwa; aliporudi alikuta mlango umefungwa kwa kufuli. Mara ya pili, mtu yule yule, nje ya mlango! Akaanza maombi na masomo ya Biblia katika nyumba za watu wa kawaida, wafanyakazi wa usafi na wafua nguo. Tarehe 9 Aprili 1906, katika nyumba moja ya mtaa wa Bonnie Brae, Roho Mtakatifu akawashukia. Siku tatu baadaye Seymour naye akapokea. Watu wakajaa hadi nyumba haikutosha, wakahamia jengo kuukuu la mtaa wa Azusa, namba 312, ambalo lilikuwa kanisa zamani na baadaye likatumika kama zizi na ghala.

Pale Azusa ibada zilifanyika kila siku kwa miaka kama mitatu. Weusi, weupe, watu wa Meksiko, matajiri na vijakazi walipiga magoti sakafu moja. Gazeti lao la bure lilipelekwa nchi nyingi. Na Parham alipokuja Oktoba mwaka huo, mwalimu mwenyewe, alichukizwa kuona watu wa rangi mbalimbali wakiabudu wamechanganyika hivyo, akawakemea. Hawakumfuata.

Hapa natafakari sana. Yule aliyetoa swali darasani hakuweza kulipokea jibu lote. Aliyesomea nje ya mlango ndiye aliyelipokea. Matendo 2 haisemi tu kwamba walinena; inaonyesha watu wa kila taifa wakisikia katika lugha zao. Parham aliona lugha. Seymour aliona lugha na aliona pia mataifa. Mpendwa, swali la kweli likifunguliwa mbele za Mungu halimwachi mwenye kuliuliza salama. Litamgusa hata mahali ambapo hakutaka kuguswa.

3. SIKU MBILI NAMIREMBE

Njoo sasa huku kwetu. Wengi wenu nyanya zenu walikuwa "ndugu wa uamsho", wale wa kuimba Tukutendereza kwenye mikutano na kwenye matanga. Je, unajua moto ule uliwashwaje?

Mwaka 1928 na 1929 njaa kali iliipiga Rwanda. Katika hospitali ya Gahini, mashariki mwa nchi, alikuwapo daktari mmoja Mwingereza, Joe Church. Alichoka mwili, akachoka na roho. Alikuwa mmisionari, aliomba, alifanya kazi usiku na mchana, na ndani yake alijua kuna kitu kinakosekana. Septemba 1929 akaenda Kampala kupumzika. Kwenye kilima cha Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa amefanya kazi ya serikali katika idara ya afya, mlei asiye na kola ya kasisi. Nsibambi naye alikuwa na njaa ile ile. Alikuwa akijiuliza kwa nini kanisa lake limejaa watu na bado ni baridi.

Walifanya nini? Walikaa siku mbili na Biblia. Walitumia Biblia yenye marejeo ya pembeni, wakafuata fungu moja hadi jingine, kutoka Agano la Kale hadi Agano Jipya, wakitafuta Biblia inasema nini juu ya Roho Mtakatifu na maisha ya ushindi. Mzungu na Mwafrika, daktari na mlei, katika miaka ya ukoloni, wamekaa bega kwa bega wakiuliza swali moja na wakitubu pamoja. Hapakuwa na vyombo vya muziki wala mabango ya mhubiri mgeni.

Church alirudi Gahini mtu mwingine. Huko walianza mafundisho ya Biblia kila siku pamoja na wafanyakazi wa hospitali kama Yosiya Kinuka. Ndugu yake mdogo Nsibambi, Blasio Kigozi, akaja kufundisha katika shule ya wainjilisti ya Gahini. Kigozi alitayarisha mambo matatu ya kuweka mbele ya sinodi ya kanisa Uganda. Yote yalikuwa maswali, na ninakuomba uyasikie kwa masikio ya leo. Kwa nini kanisa limekuwa baridi na kufa? Kwa nini watu wanaoishi dhambini waziwazi wanakaribishwa mezani pa Bwana? Na la tatu: ni nini cha kufanya ili uamsho uje?

Hakufika kwenye sinodi. Homa ilimkamata, akafariki Januari 1936. Lakini maswali yake hayakuzikwa naye. Yalisomwa, yakasambaa, na neno lake la Kiganda la kuwaamsha watu, "Zukuka!", likawa mwito wa mikutano. Mwaka 1937 kikosi cha uamsho kilifika Kabete, hapa kwetu. Kutoka pale moto ukaingia Kikuyu, Embu, Ukambani, Nyanza. Na dhoruba ya miaka ya 1950 ilipokuja, wengi wa ndugu hao walikataa kiapo na wakakataa pia kushika bunduki kuwaua jirani zao. Wengine waliuawa kwa sababu hiyo. Imani iliyopitia maswali ilisimama siku ya panga.

Church baadaye aliandika kitabu cha mwongozo wa kujifunza Biblia kiitwacho Every Man a Bible Student. Jina lenyewe linadai kwamba kila mtu awe mwanafunzi wa Biblia. Kazi hiyo haikuachiwa kasisi wala daktari peke yake.

4. BIBLIA ILIPOFIKA MIKONONI MWETU

Hebu tuangalie jambo lingine dogo la tarehe, kisha ulipime mwenyewe.

Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amemzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga. Na katika mwaka huo huo wa msiba alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Biblia nzima ya Kiswahili ilikamilika kuchapishwa mwaka 1891, kwa Kiswahili cha Unguja. Ile ya Union, ambayo wengi tumekulia, ilitoka mwaka 1952. Kwa muda mrefu, mwamini wa kwetu alisikia Neno likisomwa na mwingine. Hakuweza kuliuliza kwa sababu hakuwa nalo mkononi.

Kisha angalia: Agano Jipya la Kiragoli lilitoka mwaka 1925, kazi ya Emory Rees wa misheni ya Marafiki akisaidiwa na Joel Litu, mwana wa nchi. Agano Jipya la Dholuo na la Gikuyu yalitoka mwaka 1926. Na mwaka 1927 nini kilitokea? Kaimosi, katika misheni ya Marafiki, Arthur Chilson alifundisha juu ya kujazwa Roho, na watu wakajazwa, wakatubu hadharani, wakanena. Wakubwa wa misheni waliona ni vurugu, wakawazuia. Baadhi yao hatimaye wakawa kanisa lao, African Church of the Holy Spirit. Miaka hiyo hiyo, katika nchi ya Wakikuyu, Joseph Ng'ang'a alijitenga kwa maombi na kusoma Maandiko, na kutoka kwa watu wa namna yake wakatokea wale tunaowaita leo Akorino. Ng'ang'a aliuawa na polisi wa serikali ya kikoloni mwaka 1934. Na kule Nyang'ori, karibu na Kisumu, kazi ya Otto Keller na mkewe ilikuwa imejiunga na Wapentekoste wa Kanada mwaka 1924, kazi ambayo leo tunaijua kama Pentecostal Assemblies of God.

Sisemi kwamba kuchapishwa kwa kitabu ndiko kulikoleta uamsho. Roho Mtakatifu huvuma atakako. Nasema hivi: siku mtu wa kwetu alipoweza kusoma Matendo ya Mitume kwa lugha ya mama yake, aliinua kichwa akauliza, "Haya mambo yako wapi kwetu?" Ilikuwa vigumu sana kumnyamazisha tena.

5. LAKINI NYOKA NAYE ALIULIZA

Najua kuna mzee wa kanisa anayesoma hapa na anatikisa kichwa. Anasema, "Pasta, swali la kwanza katika Biblia liliulizwa na nyoka." Ni kweli, mzee wangu. Mwanzo 3. Sitalikwepa.

Tazama swali lile. Nyoka hakutaka kujua. Alijua Mungu amesema nini, akalipindisha, akalipeleka kwa mtu aliyekuwa peke yake, akadai jibu hapo hapo. Sasa linganisha na Mariamu katika Luka 1. Naye aliuliza malaika jambo hilo litawezekanaje, akajibiwa kwa upole. Katika sura hiyo hiyo Zakaria pia aliuliza, akawa bubu. Kwa nini? Zakaria alitaka ishara ndipo aamini. Mariamu aliamini, akataka kuelewa. Maneno yao yanakaribiana, lakini mioyo ilikuwa tofauti. Mungu hupima moyo.

Nao baba zetu wa Kipentekoste, tusiwafanye malaika. Hapo mwanzo Parham na wengi wa Azusa waliamini kwamba lugha walizopewa ni lugha za mataifa, kwamba mmisionari hatahitaji kusoma lugha. Alfred Garr na mkewe wakatoka Los Angeles wakaenda Calcutta, India, wakafika mwanzoni mwa mwaka 1907 wakitumaini kuhubiri kwa lugha ya wenyeji. Wenyeji hawakuwaelewa. Wangeweza kudanganya. Wangeweza kuandika nyumbani kwamba mambo ni mazuri. Garr alirudi kwenye Maandiko akauliza upya, akaona kwamba kunena kwa lugha kuna kazi ya maombi na sifa mbele za Mungu. Hakutupa karama. Alitupa dhana yake. Ni wahubiri wangapi leo wanaweza kufanya hivyo?

Na maswali yanaweza kutugawa, tusidanganyane. Mwaka 1913, katika mkutano wa kambi karibu na Los Angeles, mhubiri alisema kwamba mitume walibatiza kwa jina la Yesu. Kutoka kwa neno hilo likazuka swali kubwa kuhusu ubatizo na Utatu. Mwaka 1916 Assemblies of God ya Marekani ikaandika tamko lake la imani, ikishika Utatu, na wahudumu zaidi ya 150 wakaondoka. Jeraha hilo lipo hadi leo. Mimi nashika Utatu, na wewe unayenisikiliza kila Jumapili unajua hivyo. Lakini angalia: kanisa lililazimika kukaa chini, kusoma, na kuandika kile linachoamini. Kabla ya hapo wengi waliimba Utatu bila kuweza kuueleza. Swali lililoumiza ndilo lililowafanya wajue wanasimama wapi.

6. PASIPO MASWALI

Sasa nisikie vizuri, kwa sababu hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, makaburi yalianza kufukuliwa. Hesabu ya miili ilipita 400. Kulikuwa na akina mama. Kulikuwa na watoto wengi. Kesi ziko mahakamani na hukumu ni ya mahakama. Mimi si hakimu. Lakini walionusurika walisimulia mafundisho ya kufunga hadi kufa ili kumwona Yesu, na taifa zima liliuliza: kwa nini hakuna aliyekataa?

Mtu wa Mungu, huwezi kujifunza kukataa siku ya mwisho. Mtu aliyefundishwa kwa miaka kumi kwamba kumuuliza mtumishi ni kumgusa mpakwa mafuta, siku atakapoambiwa amnyime mtoto wake maji hatapata mahali pa kushika. Ule mdomo umeshafungwa zamani. Ulifungwa alipouliza sadaka zinakwenda wapi akakemewa. Ulifungwa alipouliza kwa nini unabii haukutimia akaambiwa hana imani.

Ndiyo sababu nasema jambo hili si la wasomi. Ni jambo la uhai. Waberoya katika Matendo 17:11 walimsikiliza Paulo, mtume mwenyewe, kisha wakaenda nyumbani kila siku kuchunguza kama anayosema ni kweli. Luka hawashutumu. Anawasifu kuwa waungwana kuliko wengine! Ikiwa Paulo alichunguzwa, mimi ni nani nisichunguzwe? Na Paulo huyo huyo, katika 1 Wathesalonike 5, anatuagiza tusidharau unabii, na papo hapo tujaribu mambo yote. Yote mawili. Kanisa linaloshika moja tu kati ya hayo litaumia.

Na lile neno la "amini tu" tunalolipenda? Lisome mahali lilipo, Marko 5. Yesu alimwambia baba aliyekuwa ameletewa habari kwamba binti yake amekufa. Lilikuwa neno la kumfariji mtu mwenye hofu. Tusilichukue neno la kumfariji baba aliyefiwa tukalifanya kufuli la mdomo wa mwanafunzi.

7. TUULIZEJE?

Kutokana na historia hii nimejiwekea mambo manne, nami nakupa uyajaribu.

Uliza ukiwa na Biblia wazi. Wanafunzi wa Topeka hawakukisia. Nsibambi na Church hawakubishana. Walifuata fungu hadi fungu. Swali ambalo hutaki kulipeleka kwenye Maandiko, jiulize kama ni swali au ni malalamiko. Malalamiko nayo yana mahali pake, hata Zaburi zinayo mengi, lakini yaite kwa jina lake.

Uliza pamoja na wengine. Nyoka alimkuta Hawa peke yake. Swali la kutahiriwa katika Matendo 15 halikuamuliwa na mtu mmoja mwenye maono usiku. Mitume na wazee walikusanyika, wakasikilizana, Petro akasema, Barnaba na Paulo wakasimulia, Yakobo akaleta Maandiko. Ndipo wakaweza kusema kwamba imempendeza Roho Mtakatifu na wao pia. Ukiona mtu anakuambia, "Hili nimefunuliwa mimi, usimwambie mtu," kimbia.

Uliza ukiwa tayari kutii. Kigozi hakuuliza kwa nini kanisa ni baridi huku amekaa kando akilicheka. Alianza na toba yake. Umati wa Pentekoste nao uliuliza maswali mawili. La kwanza, Matendo 2:12, walitaka kujua maana ya mambo yale. La pili, 2:37, wakiwa wamechomwa mioyo, walitaka kujua wafanye nini. Wengi wetu huishia kwenye la kwanza. Wokovu uliingia kupitia la pili.

Na uwe na subira. Towashi wa Kushi katika Matendo 8 alikuwa ametoka Yerusalemu, ameabudu, anasoma kitabu, na bado hakuelewa. Alikiri hivyo bila haya. Mungu akamtoa Filipo katika mji uliokuwa na uamsho, akampeleka jangwani kwa ajili ya swali la mtu mmoja. Ndivyo Mungu anavyoheshimu swali lako.

Yapo pia maswali ambayo hatutayajibu upande huu wa uzima. Mama aliyemzika mtoto baada ya siku arobaini za maombi ana swali ambalo hakuna chuo cha Biblia kinaweza kulijibu. Sitamdanganya kwa fungu la haraka haraka. Nitakaa naye, nitalia naye. Hata Bwana wetu alipokuwa msalabani alimuuliza Baba swali, na Baba hakumjibu kwa maneno. Alimjibu siku ya tatu.

Wazazi, neno moja kwenu. Kumbukumbu la Torati 6:20 inasema siku mtoto wako atakapokuuliza maana ya amri hizi, umsimulie. Mungu alitazamia mtoto aulize. Yesu mwenyewe akiwa na miaka 12 alikutwa hekaluni akisikiliza walimu na kuwauliza. Binti yako wa kidato cha tatu akikuuliza mezani kama Mungu yupo, usimrushie mwiko. Vuta kiti. Fungua Biblia. Kama hujui jibu, mwambie mtatafuta pamoja, kisha mtafute kweli.

Jumatano hii tunaendelea na Matendo sura ya 10, nyumbani mwa Kornelio, saa kumi na mbili jioni. Njoo na Biblia, kalamu, na swali moja ambalo umelificha muda mrefu. Ukiona haya kulisema, liandike kwenye karatasi bila jina lako. Tutalisoma, tutalipima kwa Neno, na tutaliombea. Hakuna atakayekemewa.

Tuombe.

Baba wa mbinguni, asante kwa wale waliokaa na Neno lako usiku na mchana kabla yetu, wengine nje ya mlango, wengine katika hospitali ya njaa, wengine msituni wakiwindwa. Tupe njaa waliyokuwa nayo. Utuponye na hofu ya kuuliza, na kiburi cha kudhani tumeshajua. Wahurumie wote waliofiwa Shakahola. Watumishi wako, nikiwemo mimi, utufanye watu wanaoweza kuchunguzwa. Na Roho wako Mtakatifu atuongoze katika kweli yote. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.

Kama ujumbe huu umekugusa, mtumie kijana mmoja aliyeacha kuja kanisani kwa sababu maswali yake yalikosa mahali. Mwambie mlango uko wazi, na kiti chake kiko ndani.